Bata kang'atwa na mbwa mgongoni, daktari hadi kesho. Nianzie wapi?

Batamaji_77:
Wakuu, naomba msaada wa haraka. Bata jike wa kufugwa nyumbani, mwaka mmoja na nusu, kilo 2.3, amekamatwa na mbwa saa kumi na moja jioni hii. Juu kidogo ya mkia manyoya yameng'oka na ngozi imechanika urefu wa kidole gumba. Chini ya bawa la kushoto kuna matundu mawili madogo. Damu imekata. Anasimama ila mguu wa kulia anauburuta, amejikunyata, kafumba macho, na chakula hagusi. Daktari wa mifugo atapatikana asubuhi. Nimuoshe sasa hivi? Peroksaidi ninayo.

Tabibu_Manyoya:
Pole sana mkuu. Peroksaidi iache kabatini. Povu lake linadanganya macho, kumbe linaunguza nyama changa inayotakiwa kufunga kidonda.

Kwa kuwa damu imekata, kidonda kinaweza kusubiri saa moja. Joto haliwezi kusubiri. Ndege akipata mshtuko mwili unapoa na tumbo linasimama kazi, ndiyo maana hali, na ukimlazimisha kula sasa chakula kitakaa tu ndani na kuchacha. Tafuta boksi, tandika taulo isiyo na nyuzi za kunasa kucha, upande mmoja weka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa. Hewa ya upande huo ifike nyuzi 27 hadi 30, upande wa pili ubaki wa kawaida ili ajisogeze mwenyewe. Akihema mdomo wazi, joto limezidi. Funika nusu ya boksi, kuwe giza na kimya, na usimfungulie kila dakika kumtazama.

Akichangamka kidogo, mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazisha. Mlenge mililita 50 kwa kila kilo kwa siku, kwa huyo wako kama 115, kidogo kidogo. Shika bakuli mwenyewe, maana bata aliyelegea anaweza kutumbukiza kichwa akashindwa kukiinua. Asipokunywa, dondoshea tone moja moja pembeni mwa mdomo na usubiri ameze. Usimmiminie kooni kamwe: tundu la hewa liko nyuma tu ya ulimi, na maji yakiingia humo yanafika mapafuni.

Ndipo uoshe. Gramu 9 za chumvi kwa lita ya maji ya vuguvugu, yaani kama kijiko kidogo kimoja na nusu. Chukua bomba la sindano la mililita 20 bila sindano, piga maji kwenye mchaniko hadi yatoke safi. Manyoya ya pembeni usiyang'oe, ngozi ya bata ni nyembamba na itafuatana nayo. Yakate kwa mkasi butu sentimita 2 kuzunguka kidonda, ukiwa umefunika kidonda chenyewe kwa shashi mbichi ili vipande visiingie.

Yale matundu ya bawani yaangalie kwanza kabla ya maji yoyote. Ndege ana mifuko ya hewa mwilini, na mfupa wa juu wa bawa umeungana nayo. Ukiona mapovu yakitoka anapopumua, au ngozi ikibonyezwa inatoa mchakacho kama mfuko wa plastiki, usisukumie maji humo. Utamzamisha kupitia kidonda. Pangusa juu juu, funika kwa shashi safi, umwachie daktari.

Mama_Vifaranga:
Naongezea hapo kwenye matundu, kwa sababu ndiyo yananitisha kuliko mchaniko. Jino linapeleka vijidudu ndani kabisa, halafu ngozi inajifunga juu yake. Na usaha wa ndege haumiminiki kama wa mbwa au ng'ombe. Unaganda kama jibini, hautoki wenyewe. Kwa hiyo usiyashone wala kuyabandika gundi. Kesho mwambie daktari wazi kwamba ni meno, apange antibayotiki ya kidonda cha kung'atwa. Mara nyingi ni amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki. Maliza dozi hata akichangamka siku ya tatu. (Angekuwa amekamatwa na paka, ningesema tafuta daktari mwingine usiku huu huu. Bakteria wa Pasteurella walio mdomoni mwa paka wanaweza kumuua ndege ndani ya siku mbili kwa kitundu usichokiona.)

Dawa ya maumivu anaihitaji kweli, bata huficha maumivu. Meloksikamu hutumika sana kwa ndege, ila dozi apime daktari kwa uzito, na isitangulie maji, kwani figo za ndege aliyekaukiwa huumia nayo. Marhamu za mafuta usipake, zinagandisha manyoya, na zenye dawa ya ganzi zinaweza kumdhuru. Mayai yake usile hadi siku atakazotaja daktari zipite.

Batamaji_77:
Asanteni sana. Siku ya tatu leo. Dawa anapata, anakula mash (chakula cha kusagwa) iliyolowekwa, mguu daktari kasema haujavunjika. Lakini ngozi kuzunguka kidonda imekuwa ya kijani kabisa! Inaoza?

Tabibu_Manyoya:
Tulia mkuu, kijani hicho ni damu iliyovilia. Mwilini mwa ndege damu iliyovuja chini ya ngozi huishia kuwa biliverdini, ambayo ni ya kijani, na ndege hana kimeng'enya cha kuigeuza kuwa ya njano. Huonekana siku ya pili au ya tatu, kisha hufifia. Nyama inayooza ina dalili nyingine: inanuka, inakuwa baridi, nyeusi na kavu, au inateleza.

Cha kuogopa sasa ni nzi. Kagua asubuhi na jioni, ukipekua manyoya hadi ngozini. Mayai yao ni meupe kama chembe ndogo za mchele na huanguliwa ndani ya siku moja. Ukiyaona yatoe kwa kibano, osha tena kwa maji ya chumvi, na boksi lifunikwe chandarua.

Kwa kuwa mguu unamfanya alale muda mrefu, tandiko liwe laini, unene wa sentimita 8 au zaidi, libadilishwe kila likilowa, la sivyo atatoka vidonda kifuani na nyayoni. Nyasi zenye ukungu zisiingie kabisa, bata hushambuliwa upesi na kuvu ya mapafu. Mpime uzito kila asubuhi kabla ya kula. Kinyesi cha kijani kikali chenye maji mengi maana yake hakijashuka chakula cha kutosha, hata kama bakuli linaonekana limechezewa.

Kidimbwi:
Je, kuogelea? Wengi huharibu hapa.

Mama_Vifaranga:
Hadi kidonda kifunge na gamba lianguke lenyewe, bakuli la kina cha kuzamisha kichwa tu, aoshe pua na macho. Kisha dakika 5 kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ukisimama hapo hapo, unaongeza kila siku.

Ila kwa huyu kuna jambo moja la ziada. Jeraha liko juu ya mkia, na tezi ya mafuta anayojipaka iko hapo hapo. Mwangalie akijipangusa: anasugua mdomo na kichwa kwenye mzizi wa mkia, halafu anajipaka mwilini? Akitoka majini matone yanateleza, au manyoya yamelowa hadi ngozini na anatetemeka? Akilowa, mkaushe kwa taulo, mrudishe kwenye joto, na umwombe daktari aitazame tezi kabla hujamwachia bwawa.