Chipu za kando ya griini: weji moja kwa kila pigo, au pigo la namna moja na fimbo tofauti?

Kitante_Jioni (Kampala)

Ndugu zangu wa gofu, nawasalimu. Naomba tulinganishe njia za kuchipu, yaani kupiga mpira kwa ufupi uruke kidogo kisha uviringike kuelekea shimoni, maana kila ninayecheza naye pale Kitante ana yake na hataki kusikia ya mwenzake. Nazungumzia pigo la hatua mbili tatu nje ya griini (yale majani mafupi yenye shimo na bendera), hakuna banka, yaani shimo la mchanga, mbele, bendera iko mbali kiasi.

Kuna wanaotumia weji moja (fimbo yenye uso uliolala sana, wa kuinua mpira), nyuzi 56 au 58, kwa kila hali, wakibadilisha urefu wa mkono, yaani fimbo inavyorudi nyuma, na mahali mpira unapokaa kati ya miguu. Kuna wanaoshikilia mkono ule ule, yaani pigo la namna moja, siku zote na kubadilisha fimbo tu: za chuma namba 7, 8, 9 au weji ya kawaida. Halafu kuna watu wa puta, fimbo ya kuviringisha mpira, hata majani yakiwa marefu.

Hendikapu yangu (mapigo ya ziada ninayoruhusiwa) ni 19, mazoezi ni jioni baada ya kazi, tena si kila siku. Kwa mchezaji wa namna hii, ipi inaokoa mapigo? Mkumbuke pia mvua za Septemba hadi Novemba ndizo hizi, na majani yetu si yale ya kwenye televisheni.

Mzee_wa_Ziwani (Entebbe)

Kijana wangu, mimi ni mtu wa fimbo nyingi na mkono mmoja. Sababu yangu ni ukubwa wa kosa. Ukikosea kidogo na namba 8, mpira unaishia hatua mbili pungufu na bado una puti ya kupigania. Ukikosea kiasi kile kile na weji ya nyuzi 60, ama umechimba udongo na mpira umebaki miguuni pako, ama umeukata tumboni ukavuka griini nzima.

Kuna hesabu ya zamani inaitwa kanuni ya 12. Chukua 12, toa namba ya fimbo. Jibu ndilo uwiano wa kuviringika kwa kuruka. Namba 9 inakupa 3: ikiruka hatua moja inaviringika tatu. Namba 8 inakupa 4, namba 7 inakupa 5. Weji ya kawaida ihesabu kama 10, ya mchanga 11.

Tufanye mpira wako uko hatua tatu nje na unataka utue hatua moja ndani ya griini. Hapo unaruka hatua 4. Kutoka hapo hadi shimoni ukahesabu hatua 12. Gawanya 12 kwa 4 unapata 3, basi chukua namba 9. Griini ikipanda, shuka hadi namba 8. Ikiteremka, ongeza hadi weji. Mkono haubadiliki. Kazi yako ni kuchagua mahali pa kutua na kupaamini.

Ukitaka ushahidi, msome Paul Runyan wa Marekani. Alikuwa mtu wa mapigo mafupi, lakini fainali ya PGA Championship ya 1938 alimshinda Sam Snead 8 na 7 (mashimo nane mbele, saba yakiwa yamebaki), na Snead alikuwa akimpita mbali sana kutoka kwenye tii, pale pa kuanzia shimo. Runyan alichipu fimbo ikiwa imesimama karibu wima, kisigino cha fimbo, ule upande wa karibu na mpini, kimeinuka kidogo kutoka kwenye majani, viganja vimetulia kabisa, mabega ndiyo yanayotembea kama anayeputi. Kisigino kikiinuka, sehemu ya fimbo inayogusa majani inapungua, na majani hayapati pa kushika. Jaribu kwenye majani yaliyolowa utaona.

Dada_Weji (Kampala)

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nipinge kwa heshima.

Kanuni ya 12 inataka griini tambarare yenye mwendo wa wastani. Griini ya saa moja asubuhi yenye umande, na hiyo hiyo saa tisa alasiri, mimi nazihesabu kuwa griini mbili. Mwenye fimbo nne itambidi ajue kila moja inavyoviringika asubuhi na inavyoviringika alasiri, halafu na baada ya mvua. Kitante_Jioni anasema muda wake ni mdogo. Huo muda mdogo auweke kwenye fimbo moja aijue mpaka sauti yake.

Tena weji inasingiziwa. Wengi tulifundishwa kusukuma mikono mbele, mpira nyuma, halafu tushushe kwa nguvu. Ukifanya hivyo unaondoa bansi, yaani kile kitako kilichovimba chini ya weji, na makali ya mbele yanageuka jembe. Kwenye udongo uliolowa jembe linazama, hapo lawama ya nini? Weji yangu ya nyuzi 56 ina bansi ya 12. Nasimama miguu ikiwa karibu, uzito zaidi ya nusu uko mguu wa kushoto na unabaki huko, mpira uko katikati, na mpini unaelekea kwenye mkanda wangu badala ya paja la kushoto. Kifua kinageuka pamoja na mikono. Kitako kinasugua majani na kuteleza, hata nikiyagusa kidogo nyuma ya mpira bado unatoka vizuri.

Na ile namba 8 itanisaidia nini bendera ikiwa hatua nne tu kutoka ukingoni? Nikitua juu ya griini tayari nimeshapita.

Kedi_wa_Nile (Jinja)

Wote wawili nawaheshimu, lakini mmeanzia kwenye fimbo. Mimi kazi yangu ni ukedi, kuwabebea wachezaji fimbo, na kabla mteja hajaomba fimbo nimeshautazama mpira ulivyokaa.

Umekaa juu ya majani na hewa chini yake? Cheza unachopenda, ila shika mpini kwa ulaini. Weji inaweza kupita chini kabisa ya mpira ukaenda nusu ya safari. Umezama, unaona kipande tu cheupe? Sahau namba 7 na 8, majani yatafunga shingo ya fimbo na uso utageuka kushoto. Hapo ni weji ya Dada, na ukubali kwamba mpira utatoka bila mzunguko na utaviringika zaidi ya kawaida. Uko kwenye udongo mtupu, pale watu wanapopita kwenda tii inayofuata? Weji yenye kitako kinene inadunda kwenye udongo mgumu na kuupiga mpira tumboni. Hapo nampa mteja namba 9 au puta, na nikiona anasita nampa puta.

Halafu tazameni mlalo wa majani ya griini. Piga magoti karibu na shimo: upande mmoja ukingo ni mkali na safi, upande wa pili majani yamemeguka na kukauka. Majani yanalala kuelekea upande ule uliomeguka. Chipu inayokwenda na mlalo hukimbia, inayokwenda kinyume husimama, na tofauti yake ni kubwa kuliko ya namba 8 na 9.

Kwa wageni wa Jinja: viboko hupanda usiku kutoka mtoni. Mpira ukiangukia kwenye alama ya mguu wake, kanuni ya uwanja wetu inakuruhusu kuuokota na kuudondosha bila adhabu. Msimu huu kumbukeni pia mpira uliojizika kwenye shimo uliolichimba wenyewe ulipotua baada ya pigo lako: kanuni ya 16.3 inakupa nafuu bure, na tangu 2019 unadondosha kutoka usawa wa goti. Kila wiki naona watu wanachipu mpira uliozama ardhini kumbe wangeuinua.

Kitante_Jioni

Webale (asante), Kedi. Hilo la kuanza na mpira sijawahi kuelezwa hivyo, na linanisaidia zaidi ya majina ya fimbo.

Afande_Magharibi (Mbarara)

Kuna njia ya nne hamjaitaja. Mimi natumia chipa, ile fimbo fupi yenye sura ya puta na lofti, yaani mlalo wa uso, ya karibu namba 7. Watu huidharau. Mimi ilinirudishia mchezo, kwa sababu kiganja changu cha kulia kilikuwa kinaruka kabla ya kugusa mpira na hakuna mwalimu aliyeweza kukituliza.

Anayetaka kununua atazame sheria kwanza. Chipa inahesabiwa kuwa fimbo ya chuma, haihesabiwi kuwa puta. Mpini wake lazima uwe wa duara, na uso wa kupigia uwe mmoja. Zile zenye nyuso mbili, za kupiga kulia na kushoto, haziruhusiwi hata kama muuzaji amezipanga dirishani. Na inakula nafasi moja katika fimbo zako 14.

Asiyetaka chipa ajaribu kugeuza mikono, wa kushoto ukae chini ya wa kulia. Matt Fitzpatrick wa Uingereza anachipu hivyo, na mwaka 2022 alichukua US Open. Mkono wa kushoto ukiwa chini, kiganja hakipati nafasi ya kukunjika.

Mlima_Bunyonyi (Kabale)

Watu wa puta, huku kwetu msije nayo. Tuko mita 2,000 hivi juu ya bahari, na majani ya kikuyu yamezaliwa kwenye nyanda za juu kama hizi. Yakishapata mvua yanasimama na kusuka wavu. Mpira wa puta unamezwa nusu ya nguvu kwenye hatua ya kwanza, tena hujui ni nusu ipi. Mimi huchukua haibridi, fimbo iliyo kati ya ya mbao na ya chuma, nashika chini kabisa ya mpini na kupiga kama puti. Tiger Woods alifanya hivyo kwa fimbo ya mbao namba 3 miaka ya 1990. Mpira unaruka kidole kimoja, unatoka kwenye wavu, kisha unakimbia.

Mzee_wa_Ziwani

Marahaba binti yangu Dada_Weji. Bendera ya hatua nne nakubali ni yako. Lakini mwenye hendikapu 19 hapati bendera ya hatua nne kila shimo. Nyingi ni za hatua kumi na zaidi, na hapo nakuomba umwachie kijana namba 8.

Kitante_Jioni

Nimeamua hivi. Kwenye mfuko wangu wa fimbo weji ya nyuzi 60 inatoka, nafasi yake inaingia haibridi. Kando ya griini nitakuwa na namba 8, weji ya kawaida na ya 56. Sasa mazoezi: nina nusu saa kabla ya giza. Nifanye nini?

Dada_Weji

Usichipu kwenye mkeka. Fimbo ikigusa mkeka nyuma ya mpira inateleza, unaona pigo zuri, kumbe kwenye majani ungechimba. Weka taulo iliyokunjwa shubiri moja na nusu nyuma ya mpira. Ukiigusa unapokuja mbele, uzito wako umerudi mguu wa kulia.

Kedi_wa_Nile

Sisi makedi tulijifunza kwa vizibo vya soda. Tupa vizibo kwenye majani mafupi, piga kizibo badala ya mpira. Kizibo ni chembamba, ukigusa nyuma au juu kinabaki pale pale. Kikianza kuruka kila mara, chukua mipira.

Ukishachukua mipira, weka leso juu ya griini pale unapotaka itue, na usitazame bendera kabisa. Namba 8 kwanza, halafu weji ya kawaida, halafu 56, leso ikiwa pale pale, na baada ya kila fimbo nenda mpaka mipira ilipoishia uhesabu hatua. Zile hatua ndizo kanuni yako ya griini ya Kitante, usichukue za Entebbe wala za kwetu. Zipime tena mvua ikikatika.

Afande_Magharibi

Kedi, umesema leso. Kwenye griini yenye mteremko, je, unaiweka juu ya mstari wa bendera au pembeni?

Kedi_wa_Nile

Pembeni, upande wa juu, Afande. Chipu inakata kona kama puti tangu inapoanza kuviringika, na ya namba 8 inakata zaidi kwa kuwa inaviringika muda mrefu. Ukitumia 56 sogeza leso karibu na mstari.