Rangi za programu yangu zinabadilika nikihamia kompyuta ya dukani, naomba ushauri

Kijana wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama, hii ni wiki ya pili.

Mjomba ana duka la nafaka Mwanjelwa. Nimemwandikia programu ndogo ya C inayoonyesha bei kwenye skrini iliyotundikwa juu ya mizani: mchele wa Kyela, mahindi, maharage. Bei ikipanda inaandikwa kwa nyekundu, ikishuka kwa kijani, ubao wenyewe mweusi. Natumia Xlib (maktaba ya C ya kuchora madirisha kupitia mfumo wa X11) moja kwa moja maana kompyuta ya pale ni kuukuu, sikutaka kuibebesha mzigo.

Kwenye laptop yangu kila kitu safi. Dukani, bei zilizopanda hazionekani kabisa na za kijani zimekuwa njano. Bluu ya jina la duka ndiyo pekee imebaki bluu. Jumamosi mama mmoja alisimama pale akitafuta bei ya mchele, akakuta mstari mtupu, akadhani mchele umekwisha, akaondoka. Iliniuma sana.

Nyekundu nimeandika 0xFF0000, kijani 0x00FF00, yaani tarakimu mbili za heksadesimali kwa nyekundu, mbili kwa kijani, mbili kwa bluu. Waya nimebadilisha, kioo nimebadilisha, hali ni ileile. La pili: kwenye laptop nilijaribu kufungua dirisha la kina (idadi ya biti kwa kila nukta ya skrini) cha biti 32 ili picha ya nyuma ionekane kwa kupenya. Programu inakufa hapohapo na kosa la BadMatch, yaani vitu nilivyotaja havilingani.

Mzee wa Kabwe
Kompyuta za mtumba zimejaa mjini, mwambie mjomba anunue nyingine.

Fundi Kihesa
Kamwene mdogo wangu. Usimwingize mjomba gharama, mashine haina kosa. Endesha xdpyinfo, amri inayoeleza sifa za skrini, pale dukani usome kina cha dirisha kuu. Dalili zote ni za biti 16.

Kwenye kina hicho, mpangilio wa kawaida ni nyekundu biti 5, kijani 6, bluu 5. Ukiipa seva ya X (programu inayochora kwenye skrini kwa niaba ya yako) 0xFF0000, zinabaki biti 16 za chini tu, yaani sifuri. Hiyo ni nyeusi juu ya ubao mweusi, ndiyo maana mchele ulipotea. Kijani chako kinabaki 0xFF00: biti zote 5 za nyekundu zimewaka na kijani karibu chote, na nyekundu ikichanganyika na kijani kwenye skrini unaona njano. Bluu, 0x00FF, inaangukia sehemu yake ileile. Hesabu kwa kalamu utaona.

X11 ipo tangu 1987, enzi za skrini za kila namna, na haijawahi kuahidi mpangilio mmoja wa rangi. Kila skrini ina orodha ya vizuali, na kila vizuali inaeleza namba ya pikseli inageukaje kuwa rangi. Kuna aina sita: StaticGray, GrayScale, StaticColor, PseudoColor, TrueColor na DirectColor. Kazi yako ni kuuliza kabla ya kuchora.

Kuuliza ni kwa XGetVisualInfo. Unajaza kiolezo cha XVisualInfo, unataja vipengele gani vizingatiwe, nayo inakurudishia orodha na idadi yake. Chukua DefaultVisual, ipitishe kwenye XVisualIDFromVisual, weka namba hiyo kwenye kiolezo na utumie VisualIDMask. Ikirudi NULL hakuna iliyolingana. Ikirudi orodha, soma red_mask, green_mask na blue_mask, yaani maski zinazoonyesha kila rangi inakaa kwenye biti zipi, sogeza biti zako zikae humo, kisha achilia orodha kwa XFree. Wengi husahau hilo la mwisho.

Dada wa Makambako
Fundi yuko sahihi, ila kwa rangi nne tano za ubao wa bei XAllocColor inatosha: unataja nyekundu, kijani na bluu kwa kipimo cha 0 hadi 65535, inakupa pikseli iliyo tayari. Maski zinafaa ukianza kuchora picha.

Kuhusu BadMatch, bila shaka umetumia XMatchVisualInfo na kina 32, TrueColor. Ni sawa, ingawa zikilingana vizuali zaidi ya moja haijabainishwa itakupa ipi. Tatizo ni kwamba dirisha linarithi jedwali la rangi na mpaka kutoka kwa dirisha mzazi, na mzazi ana kina kingine. Tengeneza jedwali lako kwa XCreateColormap ukiipa vizuali hiyohiyo, weka border_pixel iwe 0, na uvitaje vyote viwili, CWColormap na CWBorderPixel, unapoita XCreateWindow. Mimi border_pixel ilinipotezea siku tatu, kwa hiyo nakuomba usiiruke.

Kijana wa Uyole
Ndaga fijo, kaka na dada. Nimetoka dukani sasa hivi. Kina ni 16, maski 0xf800, 0x7e0 na 0x1f. Nimetumia XAllocColor, mchele wa Kyela umewaka mwekundu na mjomba ameuona akiwa ng'ambo ya barabara. BadMatch nayo imeondoka, ila dirisha la laptop ni jeusi tii, halipenyezi kitu.

Dada wa Makambako
Seva yenyewe haichanganyi madirisha. Washa picom, programu inayofanya kazi hiyo, kwanza, kisha fungua programu yako.

Kijana wa Uyole
Imepenya.