Ukingo wa paa unamung'unyuka, nipige simenti au chokaa?

Wadau habari, nyumba ya bibi Mji Mkongwe Unguja, ya mawe na chokaa, ule ukuta mdogo wa ukingo wa paa ukipitisha kidole unabaki na vumbi jeupe, juzi kipande kimedondoka uchochoroni wanapopita watoto. Fundi anataka apige simenti siku moja imeisha. Nimruhusu?

Jibu: Usimruhusu kabisa shekhe! Simenti haipumui, maji yanakwama ndani chumvi inakula jiwe kwa nyuma, sie tulipiga, masika mawili tu ikabanduka na mawe yake. Chokora iliyooza yote mpaka ufike pagumu, osha vumbi, lowesha, halafu chokaa iliyolowekwa moja kwa mchanga tatu, mchanga usiwe wa pwani una chumvi, piga nyembamba nyembamba na funika magunia mabichi wiki nzima maana jua likiikausha haraka inapasuka.

Jibu: Kwanza kibali, mji ni urithi wa dunia tangu 2000. Na angalia ufa, mche ukiota humo ng'oa na mizizi.

Muulizaji: Mche upo kweli! Fundi nimemwambia asubiri, kesho naziba uchochoro kwanza.