UKOO WA MZEE NATHANIELI 🍊 (Shukrani ya Bibi Jumamosi)

JUMANNE

[19:42] Da Tabitha: Bwana asifiwe wapendwa. Jumamosi ndiyo hiyo imefika. Mchele upo, nazi zipo, mbuzi wawili Baba Mdogo Enock ameshawafunga. Kilichobaki ni MUZIKI. Mwenye kinanda cha Mzee aseme kiko wapi na kina hali gani.

[19:55] Da Tabitha: Naona tiki za bluu tu. Mnasoma kama gazeti la bure

[20:03] Mama Janeth: Kipo kwangu dada, hapa Tanga. Juu ya kabati

[20:04] Mama Janeth: Ila ni bubu. Kinawaka vizuri, namba zinaonekana kwenye kioo, sauti ndiyo hakuna

[20:05] Da Tabitha: Tangu lini?

[20:09] Mama Janeth: Tangu kipaimara cha Neema. Dada si unajua

[20:10] Da Tabitha: Mimi sijui chochote. Nauliza mambo ya Jumamosi

[20:12] Da Tabitha: Nimeulizia cha kukodi. Laki na nusu, mpigaji juu yetu, usafiri juu yetu. Nani anatoa?

[20:31] Shem Athumani: Ile hela tuma kwenye namba hii 😂😂

[20:32] Da Tabitha: Shem nitakutoa humu

[20:33] Shem Athumani: Ukinitoa mimi nani atachoma hao mbuzi

[21:48] Elia Dodoma: Da Tabitha shikamoo. Msikodi kwanza. Mama Janeth, kigeuze kinanda uangalie mgongoni. Kuna tundu limeandikwa USB TO HOST?

[21:49] Da Tabitha: Marahaba mdogo wangu. Afadhali wewe umeongea

[22:15] Mama Janeth: Siwezi kupanda kabatini usiku huu, Janeth akirudi chuo kesho atakitoa

JUMATANO

[13:20] Janeth: [picha]

[13:20] Janeth: Shikamooni wote. Yapo matundu mawili. Nimechomeka waya wa flashi kwenye la bapa nikaunganisha na laptopu, kimya

[13:34] Elia Dodoma: Marahaba. Hilo la bapa ni USB TO DEVICE, linapokea flashi tu, kompyuta hailioni. Tumia lile jingine, la mraba. Waya wake ni ule ule wa printa

[13:36] Shem Athumani: Waya wa printa? Kwa hiyo Bibi atachapiwa pambio kwenye karatasi

[13:37] Mama Samweli: 😂😂😂😂

[13:37] Neema: 🤣 shem jamani

[13:38] Da Tabitha: Mama Samweli nimekutafuta tangu Jumapili kuhusu vyombo hujibu. Leo unacheka

[13:52] Baba Mdogo Enock: Elia sijaelewa. Kinanda hakina sauti. Waya utaipata wapi sauti

[14:10] Elia Dodoma: Baba, kwenye huo waya haipiti sauti kabisa. Kinanda kinapeleka habari tu: noti namba 60 imeguswa, ile do ya kati. Imeguswa kwa nguvu 90, na mwisho ni 127. Sasa kidole kimeachia. Basi. Sauti inatengenezwa na programu humo ndani ya laptopu, inatokea kwenye spika zetu. Huo utaratibu unaitwa MIDI, upo tangu 1983, sijabuni mimi

[14:11] Elia Dodoma: Ndiyo maana ububu wake hautuhusu. Funguo zikiwa nzima inatosha

[14:30] Baba Mdogo Enock: Na hiyo sauti ya kwenye laptopu ni ya nani

[14:36] Elia Dodoma: Ya piano ya kweli. Kuna mtu alirekodi Yamaha C5, ile ndefu ya kwenye kumbi. Kila noti aliyoirekodi aliipiga kwa ngazi 16, kuanzia ya kugusa tu mpaka ya kupiga kwa hasira. Akaigawa bure. Inaitwa Salamander. Kuisoma unatumia programu ya sforzando, nayo bure

[14:41] Baba Mdogo Enock: Bure. Ya Korogwe nayo mliniambia bure

[14:42] Da Tabitha: Baba Mdogo tafadhali ya Korogwe tuiache

[14:42] Baba Mdogo Enock: Sijaisema. Nimeitaja

[15:05] Janeth: Anko Elia mbona kuna wanaosifia Pianoteq, ni nyepesi, bando langu halitaisha

[15:18] Elia Dodoma: Ni nyepesi kweli, yenyewe haibebi rekodi, inapiga hesabu za waya na ubao. Ila toleo la majaribio baadhi ya funguo hazilii na baada ya muda linajifunga. Tuko katikati ya wimbo piano inakata, Da Tabitha atanifuata mpaka Dodoma

[15:19] Da Tabitha: Kwa miguu

[15:20] Elia Dodoma: Nakurushia bando. Shusha Salamander leo usiku. Na kabla ya kuchomeka waya, weka draiva ya Yamaha USB-MIDI kwanza, ndiyo programu ya kukitambulisha kinanda kwa kompyuta, ipo kwenye tovuti yao. Hivi vya zamani bila draiva Windows inavikodolea macho tu

[15:22] Elia Dodoma: Adapta iko wapi? USB haikiwashi kinanda

[15:40] Janeth: Adapta... inatumika kwenye ruta. Zote volti 12

[15:41] Da Tabitha: ADAPTA YA MAREHEMU KWENYE RUTA

[15:43] Mama Janeth: Dada kinanda kilikuwa kimekaa tu

[15:44] Da Tabitha: Kumbe mnaangalia sinema kwa adapta ya Mzee

[15:58] Elia Dodoma: Ichomoeni Jumamosi, yataisha. Na mnunue betri sita, umeme ukikatika kinanda kitaendelea

[16:02] Shem Athumani: Na ruta mtaiwekea nini, kuni?

[16:20] Elia Dodoma: Janeth swali la mwisho. Lile tundu la hedifoni, limeandikwa PHONES/OUTPUT. Mulika na tochi ya simu ndani. Kuna kitu?

[16:29] Janeth: [picha]

[16:29] Janeth: Kuna kichuma kinang'aa kwa ndani kabisa

[16:33] Elia Dodoma: Nilihisi. Hiyo ni ncha ya jeki, imevunjikia humo. Kinanda kinadhani kuna mtu amevaa hedifoni, kwa hiyo kinazima spika zake. Hakijaungua. Hakikuungua hata siku moja

[16:34] Mama Janeth: Eti?

[16:35] Mama Janeth: Elia rudia hapo

[16:38] Elia Dodoma: Spika nzima, umeme mzima. Kimezibwa tu. Ile jeki ilikuwa inakwenda kwenye mikisa siku ya kipaimara, waya ukavutwa kwa nguvu, ncha ikabaki

[16:40] Mama Janeth: Kwa hiyo Gerson aliambiwa amekiunguza, mbele za watu, siku ya msiba wa Mzee hata kukaa kwenye kinanda hakuitwa, kumbe ni jeki

[16:41] Mama Janeth: Haya aliyejikwaa kwenye waya siku ile ni nani? Maana Gerson alikuwa amekaa

[16:52] Mama Samweli: Mimi nilikuwa jikoni

[16:53] Shem Athumani: Mimi nilikuwa msikitini, ilikuwa Ijumaa

[16:53] Mama Samweli: Ilikuwa Jumapili shem

[16:54] Shem Athumani: Basi nilikuwa naelekea

[16:58] Mama Janeth: Nakumbuka mtu alikuwa na kreti ya soda mikononi. Hakuona chini

[17:01] Da Tabitha: Ujumbe huu umefutwa

[17:02] Da Tabitha: Turudi kwenye mada. Usafiri wa wazee umekaaje

[17:20] Neema: Video ya kipaimara changu ninayo jamani, niirushe? Mwishoni inaonekana kila kitu

[17:21] Da Tabitha: Neema nipigie

[17:21] Da Tabitha: Sasa hivi

[17:46] Neema: Bando limeisha, nitairusha siku nyingine 😅

[17:50] Shem Athumani: Elia amemrushia Janeth, anaweza kukurushia na wewe

[17:51] Da Tabitha: Athumani!

ALHAMISI

[05:07] Mjomba Yohana: NIMESOMA YOTE. KINANDA KILE SHEMEJI YANGU ALIKINUNUA KWA MACHUNGWA YA MSIMU MZIMA. NA ALIMFUNDISHA KUKIPIGA GERSON PEKE YAKE. JUMAMOSI APIGE GERSON. TABITHA NDIYE ATAKAYEMPIGIA SIMU KUMUOMBA, SI MTU MWINGINE. HAYO YA KOMPYUTA FANYENI. FUNDI ASIKIGUSE MPAKA NIFIKE. DADA YANGU HAJUI KAMA KILIKUWA BUBU, NA ASIJUE.

[06:15] Baba Mdogo Enock: Mjomba amemaliza

[06:22] Mama Janeth: Sawa Mjomba

[06:30] Elia Dodoma: Shikamoo Mjomba. Sawa

[06:41] Mama Samweli: Sawa Mjomba 🙏

[07:10] Shem Athumani: Sawa Mjomba

[08:55] Da Tabitha: Sawa Mjomba.

[12:40] Janeth: [video]

[12:40] Janeth: INALIA!!! Lakini nikibonyeza sauti inachelewa. Nikimaliza kupiga bado inanifuata

[12:44] Shem Athumani: Kama mpira wa kwenye intaneti, jirani ameshashangilia goli wewe bado unaona kona

[12:50] Elia Dodoma: Sauti inatokea wapi hapo?

[12:51] Janeth: Ile spika ya blututhi ya baba

[12:55] Elia Dodoma: Toa blututhi kabisa. Peke yake inachelewesha kiasi cha mpigaji kupotea. Waya kutoka tundu la hedifoni la laptopu mpaka kwenye spika. Halafu shusha ASIO4ALL, draiva ya sauti ya kupunguza kuchelewa, ya bure. Ukiiweka nenda kwenye mipangilio ya sauti ya sforzando uichague, bafa (akiba ya sauti inayosubiri kutoka) weka 256. Hapo kuchelewa kwa bafa ni kama milisekunde 6, sikio la kwaya haliioni

[12:56] Elia Dodoma: Usishuke mpaka 64 kwa laptopu hiyo, itaanza kukwaruza. Zima na mambo mengine yote, hasa yanayotumia intaneti

[13:30] Janeth: [sauti 0:52]

[13:33] Mama Samweli: Jamani 😭 nani huyo anapiga

[13:34] Janeth: Mimi, kidole kimoja

[13:41] Baba Mdogo Enock: Hiyo ni sauti ya kanisani kabisa. Elia nimekusamehe

[13:42] Elia Dodoma: Nilifanya nini Baba?

[13:43] Baba Mdogo Enock: Sijaisema

[14:05] Mama Janeth: Swali. Mjomba akifika ikatolewa hiyo ncha, spika za kinanda zikirudi, si zitalia zote mbili?

[14:15] Elia Dodoma: Zitalia. Kinanda na laptopu pamoja, itakuwa mvurugano. Kwenye menyu ya FUNCTION tafuteni Local, mweke OFF. Hapo kinanda kinanyamaza kwa hiari, kinatuma habari tu

[14:16] Shem Athumani: Hiyo Local ipo na kwa binadamu?

[14:20] Mama Janeth: Lakini spika zikirudi kompyuta ya nini tena? Si kipige chenyewe tu kama zamani

[14:21] Da Tabitha: Tusibadilishe mambo sasa hivi!! Tumeshapanga

[14:22] Mama Janeth: Nani amepanga

[14:40] Da Tabitha: Mchango wa betri na waya ni elfu thelathini. Nani?

[18:10] Da Tabitha: Watu wote hawa kwenye kundi

[21:33] Mama Janeth: Dada, umempigia Gerson?

[21:34] Da Tabitha: Simu yake haipatikani

[21:35] Mama Janeth: Humu amesoma saa moja na nusu jioni

IJUMAA

[09:12] Da Tabitha: Gerson mdogo wangu. Nimekupigia. Naomba ukiona unijibu, hata humu

[09:13] Da Tabitha: Ya nyuma tutayaongea

[11:20] Baba Mdogo Enock: Mbuzi mmoja amekata kamba. Aliye karibu na kwa mzee wa machungwa aje

[11:22] Shem Athumani: Nakuja!! Amekimbilia upande gani

[11:29] Baba Mdogo Enock: Upande wa kanisani

[11:30] Shem Athumani: Huyo anataka kuokoka

[19:26] Gerson: Nimeona.

[19:27] Mama Janeth: 🙏🙏🙏

[19:27] Da Tabitha: Asante Yesu. Gerson unakuja na basi gani?

[19:51] Gerson: Elia, waya wa printa mliopata una urefu gani

[19:53] Elia Dodoma: Kaka shikamoo. Mita 3. Usizidi 5, habari zinaanza kupotea njiani

[19:58] Gerson: Marahaba. Pedali ipo?

[19:59] Janeth: Ipo Anko, ilikuwa kwenye mfuko wake

[20:02] Gerson: Mtu asiikanyage wakati wa kuwasha. Itageuka, ukikanyaga inakata, ukiachia inavuta. Mzee alikuwa anatugombeza kwa hilo

[20:05] Gerson: Na wimbo wa Mama ushushwe nusu noti mbili. Juu hafiki siku hizi. Kwenye programu inawezekana?

[20:07] Elia Dodoma: Inawezekana, kuna sehemu ya transpozi. Na kwenye kinanda chenyewe ipo

[20:08] Gerson: Moja tu. Mkiweka zote mbili zitashuka nne

[20:09] Da Tabitha: Kwa hiyo Gerson tuhesabu unakuja?

[20:40] Da Tabitha: Gari linatoka Tanga saa 12 kamili asubuhi. Kinanda kinakaa kwenye viti vya nyuma, kisiwekewe sufuria juu. Gerson tukupitie wapi?

[20:44] Mama Janeth: Laptopu inabebwa na nani? Kwenye gari tuko wanane

[20:45] Janeth: Nitaipakata mimi. Nina mtihani Jumatatu, soda zikae mbali nayo

[20:46] Neema: 👀

[20:47] Da Tabitha: Neema lala

[21:30] Da Tabitha: Gerson?

[22:18] Mjomba Yohana: NIMEONGEA NAYE. MSIMSUMBUE USIKU HUU.

[22:19] Da Tabitha: Sawa Mjomba. Amesema anakuja?

[22:20] Mama Samweli: Sawa Mjomba 🙏

[22:56] Janeth: Anko Elia umelala? Niko dukani wanataka kufunga. Betri sita ni zile nyembamba au nene? Kile kifuniko cha chini hakifunguki, skrubu imeshika kutu