Tupeane uzoefu: mnyama aliyekufuata kambini ukiwa umekaa tu

Mzee wa Darubini:
Wakuu, hadithi za kwenye gari tumezisikia mpaka basi: duma kapanda juu ya boneti, magari yamemzunguka chui mmoja hadi haonekani. Uzi huu ni wa waliokaa kambini wakaletewa. Masharti mawili: uwe umetulia mahali pako, na mnyama awe amekuja mwenyewe, hukumwita kwa ndizi.

Naanza. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Pale uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, jioni watu wanavaa kila walichokuja nacho. Tuko kwenye foleni ya bafu, tembo dume akatoka msituni, akapita katikati ya mahema bila kugusa hata kamba moja, akaenda moja kwa moja kwenye tangi la maji, akatumbukiza mkonga. Askari akatuambia tusimame tulipo na tusimulike taa za kamera. Foleni ikavunjika yenyewe. Kesho yake tulishuka kreta tukaizunguka mchana kutwa, tembo tuliowaona walikuwa vidoa kwenye darubini. Haya, leteni.

Sufuria Kubwa:
Mkuu, mimi mpishi wa safari, hayo kwangu ni kazini. Kambi za umma za Seronera, Serengeti, hazina uzio. Ukiona jiko na sehemu ya kulia vimezungushiwa wavu wa chuma, jua tunaofungiwa ni sisi. Wageni hucheka siku ya kwanza. Usiku wakimsikia fisi anahangaika na pipa la taka, kicheko kinakwisha.

Saa yangu ni alfajiri, nikiwasha jiko watu bado wamelala. Ngurumo ya simba husafiri kilomita nyingi, hivyo kuisikia si habari. Habari ni pale unapoisikia kifuani kabla ya masikioni. Kuna asubuhi majike walipita kati ya jiko na vyoo, watoto nyuma yao, hawakututupia jicho. Chai ilichelewa na hakuna aliyeulizia.

Ushauri wa bure: matunda, dawa ya meno na sabuni za kunukia visilale hemani. Tembo akishanusa chungwa, zipu haimzuii. Na ukibanwa usiku, mulika kwanza pande zote. Ukiona macho yanang'aa, rudi ndani ujikaze.

Binti Taita:
Nyinyi mnataka wenye meno tu. Mimi nawapa ndege. Ngulia, Tsavo Magharibi, Novemba na Desemba. Usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukitanda pale mlimani, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia kwenda kusini hupotezwa na ukungu na kuvutwa na taa za loji. Tangu 1969 watafiti na watu wa kujitolea huja kuwanasa kwa nyavu nyembamba, wanawapima, wanawavisha pete mguuni, wanawaachia. Nilikaa barazani nikaona hewa yote imejaa mabawa, vindege vya kuenea kiganjani vilivyotoka maelfu ya kilomita, vingine vinatua mezani karibu na vikombe. Chui naye alikuja usiku ule ule na nusu ya watu hawakugeuza shingo.

Chui simhesabu lakini, alitundikiwa nyama.

Mzee wa Darubini:
Chui kafutwa. Ndege wamepita.

Mtanga na Njia:
Okaukuejo, Etosha, Namibia. Kambi ina ukuta mfupi wa mawe, viti, na mbele yake dimbwi linalomulikwa usiku kucha. Unabeba blanketi unaenda kukaa. Tulifundishwa kwamba faru mweusi ni mpweke na mkorofi. Pale nikamwona jike na ndama wake, akaja mwingine, akaja mwingine tena, wakanusana, wakakoroma, wakanywa pamoja. Baadaye tembo walifika na faru wote wakasogea pembeni. Kuna ngazi ya vyeo pale majini, na huwezi kuiona ukipita na gari dakika tano.

Adhabu yake ni watu. Jirani yangu alikuwa na pakiti ya vitafunwa yenye kelele kuliko kundi zima la pundamilia.

Kauli Moja:
Samahani nitawaharibia. Dimbwi la kuchimba na taa juu, hiyo si pori, ni jukwaa. Seronera naikubali, hapo mnyama ana njia zake.

Mtanga na Njia:
Uko sahihi nusu, mkuu. Afrika Kusini walijifunza hilo kwa gharama. Kruger walichimba visima vingi ili wanyama wasife kwa ukame. Kaskazini mwa hifadhi pundamilia na nyumbu wakafuata maji, simba wakawafuata wao, na korongo (yule swala mkubwa, si ndege) waliokuwa wachache tangu awali wakapukutika. Kuanzia miaka ya 1990 wakaanza kufunga visima. Kwa hiyo kila dimbwi la kambini lina bili yake, na wanaoilipa si watalii. Lakini Etosha kwenyewe ni jangwa na chumvi, na faru wanahitaji kunywa. Mimi nitakaa tu pale ukutani.

Kauli Moja:
Hapo umeniweza kidogo. Basi na mimi nitoe yangu: Msembe, Ruaha, mabanda ya hifadhi karibu na mto. Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993, maji yanatumika huko juu kabla hayajafika. Mchanga unabaki mweupe. Nikiwa kivulini niliwatazama tembo wakichimba kwa miguu na mikonga mpaka maji yakachuruzika, wanasubiri tope litulie ndipo wanywe. Pembeni nyani, swala pala na kanga wanangoja. Tembo akiondoka tu, shimo linavamiwa. Hakuna aliyewawekea taa.

Kifaranga:
Wakuu, sina gari. Inawezekana?

Sufuria Kubwa:
Inawezekana kwa kuchangia gari la kukodi, ila lazima lichangiwe, hifadhini huruhusiwi kutembea kwa miguu utakavyo wala kuendesha usiku. Kiingilio cha hifadhi zetu huhesabiwa saa 24, ingieni mchana mtoke mchana wa kesho, hapo mnapata jioni na asubuhi nzima kambini. Nendeni kati ya Julai na Oktoba, kumekauka na nyasi ziko chini. Na kama kikundi kina mtu wa muziki wa spika, mwacheni nyumbani.

Kifaranga:
Huyo ndiye mwenye hela ya mafuta.