"Inconsiderate" inatumikaje? Na ina tofauti gani na "rude"?

Mwalimu_Urambo: Wakuu, heshima kwenu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu kaandika "My neighbour is inconsiderable", akimaanisha jirani anayefungulia redio usiku wa manane. Neno sahihi ni inconsiderate? Linatofautianaje na rude na careless, na linafuatwa na kihusishi gani?

Kibirizi: Ndiyo, ni inconsiderate. Inconsiderable ni kidogo, kisicho na uzito, na mara nyingi huja na "not": "a not inconsiderable sum" ni pesa nyingi tu.

Inconsiderate ni asiyewajali wenzake. Chukua treni ya Tabora kwenda Kigoma: abiria kalaza begi kwenye kiti cha pili, mama mwenye mtoto mgongoni kasimama hadi Kaliua. Abiria huyo hajatukana mtu, kwa hiyo rude bado. Careless nayo ni uzembe, kama kumwaga chai kwa kutoangalia. Begi halikuwekwa pale kwa uzembe. Kajifikiria yeye tu, basi ni inconsiderate, hata kama hakukusudia kumtesa mtu. Mama akiomba kiti akajibiwa kwa kebehi, hapo rude imeingia.

Mwanakiloleni: Mkuu kamaliza upande wa maana. Kwenye sarufi, wengi wanateleza hapa: "It was inconsiderate *of* you to block the gate." Ni of, siyo for, kisha to na kitenzi. Ukiwataja walioumizwa, tumia to au towards: "inconsiderate towards other passengers." Unconsiderate usiandike kabisa. Nomino inconsiderateness ipo, lakini nzito mdomoni. Watu husema lack of consideration. Mkazo uko kwenye "sid", na mwisho hutamkwa kwa ufupi, "-rət", siyo "reit".

Uvinza_Chumvi: Hata sheria ya barabarani ya Uingereza ya 1988, kifungu cha 3, inatenganisha uendeshaji wa careless na wa inconsiderate. Wa kwanza ni kushuka chini ya kiwango cha dereva makini. Wa pili ni kutowajali wengine barabarani, mfano kupita kwenye dimbwi na kuwarushia maji waenda kwa miguu.

Mwalimu, wafundishe pia upole wake. "You are inconsiderate" inamhukumu mtu mzima mzima, na jirani atanuna. "That was a bit inconsiderate" inagusa tendo lile tu.

Mwalimu_Urambo: Nashukuru sana. Na gari lililoegeshwa vibaya?

Mwanakiloleni: "Inconsiderate parking", ni sahihi kabisa. Sifa inakaa kwenye kitendo au mtendaji; "inconsiderate car" hapana.