Azimio la Musoma lirudi? Kazi kwanza, chuo kikuu baadaye

Mleta mada:
Wakuu, naleta hoja hii nikijua wengi hamtaipenda. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi kama miaka miwili, na huko kazini ndiko alikopata barua ya kumpendekeza. Nataka utaratibu huu urudi.

Nimekaa muda mrefu kwenye usaili. Vijana wanakuja na GPA za kutisha, lakini ukimuuliza alifanyaje siku alipotofautiana na mkubwa wake wa kazi, anabaki kukutazama. Fildi ya wiki chache imemfunza kutoa fotokopi na kufuatilia saini. Aliyefundisha shule ya kata mwaka mzima kabla ya chuo atamsikiliza mhadhiri wa elimu kwa sikio jingine kabisa. Atajua pa kumbishia.

Mchangiaji wa kwanza:
Kaka, kwenye fildi tuko pamoja. Musoma napinga. Tazama miaka: USARF, harakati ya wanafunzi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza 1967, Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, akiwa mwenyekiti. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaenda kujionea maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, chama cha wapigania uhuru, huko Msumbiji. John Garang, aliyekuja kuongoza mapambano ya Sudan Kusini, naye alipita kwenye kundi hilo. Azimio lako halikuwepo! Kilichowapika ni kubishana na vijana wa nchi nyingine, kumsikiliza mhadhiri wao wa historia Walter Rodney, kuandika na kuchapa jarida lao la Cheche. Serikali ilipopiga marufuku USARF na Cheche mwaka 1970, ilifunga darasa kubwa kuliko yote. Hilo ndilo la kudai lirudi.

Halafu wasichana je? Kusubiri kuliwagharimu wao zaidi, mpaka Serikali yenyewe ikalegeza na kuwaruhusu waingie moja kwa moja.

Mleta mada:
Dada, la wasichana nimelipokea, wasiguswe. Ila USARF walikuwa wachache. Mwaka 1966, chuo hichohicho, wanafunzi waliandamana kukataa JKT. Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400, kisha akapunguza mishahara ya wakubwa, wake ukiwemo kwa asilimia 20. Harakati humfikia anayeitafuta tu. Kazi ingemfikia kila mmoja, hata yule anayejifungia chumbani na madesa.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu zangu, nani atawapa kazi hao wa kidato cha sita? Enzi za Musoma mashirika ya umma yaliajiri. Leo mwenye shahada yuko nyumbani na bahasha ya vyeti. Miaka miwili hiyo mtoto wa mkulima ataimalizia kwenye bodaboda ya mtu, na hapati barua yoyote. Mtoto wa mkubwa atawekwa ofisini kwa mjomba, barua itaandikwa siku ya kwanza. Mleta mada, hapo tunafanyaje?